Waisiko na Sikukuu ya Pai

Waisiko wa Nyakunguru aliosha mchanga wa dhahabu, na karai lake hakumwazima mtu. Si uchoyo. Mafuta kidogo yakiligusa, vumbi la dhahabu huelea likaenda na maji, nawe ukabaki unatazama. Kwa hiyo Rhobi, bintiye wa darasa la sita, alipoliomba kwa ajili ya sikukuu ya namba, mama alilibeba mwenyewe mpaka shuleni. Alikuwa pia na neno lake: kumwambia mwalimu kwamba kuanzia Jumatatu Rhobi angeshinda naye mtoni. Mwaka ule wa kukimbilia dhahabu madawati mengi yalikuwa matupu. Rhobi alijua, na njia nzima alitembea akifuta machozi.

Namba nayo ina sikukuu? Mwalimu Nashoni alieleza kwamba namba hiyo, pai, huanza na tatu nukta moja nne, na leo ni tarehe kumi na nne ya mwezi wa tatu. Waisiko alitikisa kichwa kukubali asichokielewa.

Watoto walizungushia kamba mfuniko wa sufuria, kisha wakailaza kwenye upana wake. Ikaingia mara tatu, kikabaki kipande. Tairi la baiskeli, tatu na kipande. Waisiko akahisi kiini macho. Alichukua kamba akapima karai lake mwenyewe. Tatu na kipande. Akarudia, akakasirika.

"Mwalimu, hiki kinachobaki ni cha nini?"

Nashoni akasema ukitaka kukiandika chote, tarakimu zake haziishi, hata wataalamu hawajazimaliza. Afadhali angenyamaza. Mashimo yasiyojaa Waisiko aliyajua, yamemeza jasho la wanaume wengi. Lakini kitu kisichoisha ndani ya karai lake, analolishika kila siku?

Yakagawiwa maandazi, na kabla hajageuka vidole vya mafuta vilikuwa vimelienea karai lote. Hakugomba. Neno alilokwenda nalo alirudi nalo.

Nyumbani alilisugua kwa majivu na sabuni, Rhobi akimmiminia maji. Karai lilitakata, kichwa chake hakikutakata. Jumapili kanisani alijikuta anapima ngoma kwa macho.

Jumatatu Rhobi alibeba koleo, akasimama mlangoni. Waisiko akampokonya.

"Nenda shule," alisema. "Lazima kwenye nyumba hii awepo anayeelewa."