Matoka ya Mpakani Tetu

Honi ya garimoshi ililia ndani ya ukungu kabla sijaiona stesheni, nikakimbia nisije nikaachwa. Bendera yetu ilikuwa bado mpya, nami nilitamani kuiona nchi ikijiamulia mambo yake. Tata Wangeci, dada wa mama yangu, alikuwa ameniita Tetu: kampuni ya ng'ambo iliutaka udongo mweupe ulio chini ya shamba lake, na Jumamosi angetoa jibu.

Nyeri mjini, Ijumaa alasiri. Mlima ulijifunua wote, theluji iking'aa, nikasahau baridi. Kwa Bwana Salim, muuza chai wa Majengo, habari ilikuwa hiyo hiyo ya udongo.

"Wachimbe," alisema akimimina. "Barabara itakuja. Bendera haijazi kikombe."

"Na wakifika chini ya hii hoteli yako," akasema mkulima mmoja wa kahawa, "utatuuzia chai ndani ya shimo?"

Tulicheka, Salim kuliko wote.

Tetu, jioni. Tata alinipokea kwa uji. "Mimi sikatai," alisema. "Vijana hapa wako na nguvu, kazi hawana. Lakini hii shamba tumerudishiwa juzi tu, uhuru ulipokuja. Nataka kumwona huyo mtu wa kampuni kwanza."

Jumamosi asubuhi mgeni alikuja kwa miguu, mpole, na zawadi mkononi: shada la matoka, maua meupe yenye mistari myekundu, ameyang'oa na mizizi yake. Matoka ndiyo mpaka wetu, na hakuna mkono unaoyagusa. Marehemu mume wa Tata aliyapanda pamoja na jirani yake, Karanja.

"Umetoa wapi?" Tata akauliza taratibu.

"Pale njiani, mama. Yako mengi."

"Hapo ndio shamba yangu inaisha na ya Karanja inaanza. Sasa umeibeba mkononi."

Mgeni akaiva uso. Tata alimwita Karanja, tukashuka sote. Mgeni alipiga magoti kwenye tope, akarudisha kila shina pale Karanja alipomwonyesha.

"Huyu anajua kupanda," Karanja akasema. "Muulize kama anataka kibarua."

Hata mgeni alicheka. Tata hakucheka. "Leo sikupi," alimwambia. "Rudi haya yakishika. Uje na watu wa serikali, ukae na kijiji yote, utuambie nani atafukia hiyo shimo."

Jumapili. Nilikuwa nimekuja na hotuba nzima ya kumfukuza mgeni, na sikuitumia hata neno. Watu wangu walitaka tu kuulizwa kabla ya kushikiwa chao, na jambo hilo lilinijaza furaha kuliko hotuba yangu.

"Nenda, gari haingoji," Tata alisema. "Na ukipita pale chini, angalia kama matoka yamesimama."

Akaufunga mlango nyuma yangu.