Dakika Kumi na Moja za Dereva wa Kisongo

Nilikuwa kwa kinyozi pale Elerai, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, simu ilipoita. Alikuwa mke wa rafiki yangu wa Kisongo. "Shemeji," alisema, "kaka yako ametutoka." Mumewe, dereva wa watalii aliyeacha kazi kwa maradhi, alikuwa amefariki alfajiri hospitalini. Nilimwomba kinyozi radhi, nikavaa kofia, nikatoka. Nilitembea bila kujua naelekea wapi, nikafika sokoni, nikageuka, nikajikuta niko sokoni tena. Tangu siku hiyo sijatulia. Wasomaji wangu wa kila wiki watanisamehe leo nikiwaandikia habari za mtu wasiyemjua, na za kosa ambalo ni langu.

Tulifahamiana mwaka jana katika duka la vifaa vya kompyuta mjini. Mbele yangu kwenye kaunta alisimama mwanamume mwenye mvi na mabega mapana, akamuuliza muuzaji kwa sauti iliyokwaruza: "Nataka kurekodi gemu ninayocheza kwenye kompyuta, na maneno yangu yasikike humo humo. Nitumie programu, au ninunue kifaa?" Vijana wawili waliokuwa nyuma yetu walicheka. Muuzaji naye akatabasamu. "Gemu ya mjukuu, mzee?" "Ya kwangu," alijibu, bila hasira. Mimi, ambaye huandika mara moja moja kuhusu teknolojia na hivyo najiona naielewa, nikajipenyeza katika mazungumzo yasiyonihusu. Tukaishia kwenye chai, yeye akinywa polepole kwa sababu kumeza kulimuuma.

Alinieleza kwamba daktari ameona uvimbe kooni, na upasuaji utaondoka na sauti yake. Alikuwa na kama wiki tano kabla ya upasuaji. Nyumbani alikuwa na gemu ya kuendesha magari katika barabara mbaya, yenye tope, mito na milima, na binti yake alikuwa amemnunulia usukani na pedali za kuichezea. "Vijana wanaoingia kazini sasa wanajua majina ya ndege wote," aliniambia. "Lakini tope likiwashika wanakanyaga mafuta mpaka gari linalalia tumbo, na wageni wako ndani. Siwezi tena kuwapeleka mbugani. Nitawaonyesha kwenye gemu, huku nikiwaeleza. Ila lazima nieleze wakati bado nina cha kuelezea." Akajigusa koo.

Kesho yake nilikwenda kwake Kisongo. Programu ya bure ya kurekodi skrini alikuwa ameshaipakua mwenyewe. Tuliijaribu, gemu ikaanza kukwama-kwama, kwa sababu kompyuta yake ya mezani ilikuwa ya kawaida tu na sasa ilibebeshwa kazi mbili. Nikamwambia tusubiri. Nilimweleza kuwa kuna kisanduku kidogo kinachopokea picha kutoka kwenye kompyuta ya gemu na kuipeleka kwenye kompyuta ya pili ili irekodiwe huko, na ile ya kwanza isichoke. Nilikipenda kisanduku hicho kabla sijakiona. Nilikiagiza Dar es Salaam, na nilipokuwa nakisubiri nikazidi kusoma maoni ya watu nisiowajua, nikilinganisha hiki na kile, nikabadilisha oda mara mbili. Yeye alikuwa akinipigia. "Bwana mwandishi, tumefikia wapi?" "Bado kidogo, kaka. Tusikimbilie, tupate picha safi." Kila alipopiga, sauti ilikuwa imepungua. Nilisikia inavyopungua, na bado nikaendelea kuchagua.

Kifaa kilifika katika wiki ya nne. Nilikipeleka Kisongo pamoja na kompyuta yangu ya mkononi, nikachomeka nyaya, na picha ikawa inachelewa nyuma ya maneno, kwa kuwa kompyuta yangu ilikuwa ya zamani. Nilichomoa, nikachomeka upya, nikapiga simu dukani, nikatoka uani, nikarudi. Mke wake alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha jikoni mkononi. "Shemeji," aliniuliza, "hao madereva watatazama uzuri wa majani, au watamsikiliza?"

Nikakiondoa kile kisanduku. Nikafungua ile programu ya bure, nikaingia kwenye mipangilio yake, nikaiagiza irekodi kwa kadi ya picha, ile inayochora gemu kwenye skrini, badala ya kuitwisha prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta. Nikapunguza ukubwa wa video na urembo wa gemu. Haikuzidi nusu saa. Gari likatembea kwenye skrini bila kukwama. Mipangilio ile niliifahamu tangu siku ya kwanza. Niliiruka kwa sababu ilikuwa rahisi mno, nami nilitaka kuonekana mtaalamu.

Aliendesha mchana ule wa Jumamosi, amevaa hedifoni, uso umekaza kana kwamba ana wageni sita nyuma yake. "Funga fowili, magurudumu yote manne yavute, kabla ya tope, si ukiwa ndani yake," alisema. "Umeona usukani umekuwa mwepesi? Gari linaelea. Usiogope, usikanyage. Achia mafuta kidogo, msubiri, atashika mwenyewe." Gari alikuwa akiliita kama mtu. Ilipofika dakika ya kumi na moja, kikohozi kikamshika, akainua mkono nizime. "Kesho tutamalizia," alinong'ona. Kesho yake hakuweza hata kunong'ona, na wiki iliyofuata akapasuliwa.

Aliishi miezi saba baada ya hapo bila sauti. Nilipomtembelea nilianza kumwomba msamaha, akachukua daftari lake akaandika: "Kaa, uendeshe." Nilikaa nyuma ya usukani, nikazama katika tope la kwanza kabisa, magurudumu yakizunguka bure. Alicheka mpaka machozi, mabega yakimtikisika, na chumba kikiwa kimya.

Nimewaza mengi tangu tumzike. Mji wetu huu unaishi kwa wageni wanaokuja kuona wanyama, na wanaowarudisha salama hotelini ni watu wenye ujuzi ambao hakuna chuo kilichowapa cheti chake. Wanastaafu, wanaugua, ujuzi unaondoka nao. Nasi tunaojidai kuhifadhi mambo tumegeuza kuchagua vifaa kuwa kazi yenyewe. Nina marafiki wanaolinganisha kamera tangu mwaka juzi na hawajapiga picha hata moja ya wazazi wao. Nilikuwa nawacheka.

Tulimzika kwao Nkoaranga, katika shamba la kahawa na migomba, kwenye mteremko ambao wachukuzi wa jeneza walilazimika kupokezana. Baada ya mazishi nilikuta madereva wanane hivi wameizunguka simu moja, wakitazama ile video. Picha ilikuwa na ukungu. Hakuna aliyelalamika. "Rudisha pale kwenye usukani," mmoja alisema, "hapo ndipo huwa nakosea." Wakarudisha, wakasikiliza wakiwa wameinamisha vichwa.

Binti yake, aliyesafiri kutoka Dodoma anakofanya kazi, akanifuata. "Shikamoo, baba mdogo." Nikaitikia. "Mama ameniambia ni wewe uliyekuwa unamsaidia baba kurekodi. Hii ya tope nimeipata. Zile za mito na milima alizoniambia atarekodi ziko wapi?"

Nilitamani kumwambia zimepotea. Ingekuwa rahisi zaidi. "Hazipo," nilimwambia. "Baba yako alikuwa tayari kuzirekodi. Mimi ndiye niliyemwambia asubiri." Aliitikia kwa kichwa, akaenda kuungana na wale waliokuwa wakisikiliza.

Msomaji, kama kuna mtu ambaye maneno yake utayahitaji, mrekodi leo kwa chochote ulicho nacho mkononi. Picha mbaya utaizoea.