Galaksi Iliyokosa Kitu

Pale kituo cha kuchunguza nyota cha Tõravere, aliyekosea huleta mkate mtamu wa kusuka. Leida, aliyemaliza ujana wake akipima mbio za nyota ndani ya galaksi, aliuleta asubuhi moja, na mwenzake Uku akapiga makofi.

Leida alishikilia kwamba nyota za pembezoni hukimbia mno, kwa hiyo kila galaksi ina maada isiyoonekana inayozizuia zisitawanyike. Uku alibisha: hakuna kitu, ila sheria ya uvutano hubadilika kule nje. Sasa Leida alikuwa amepata galaksi ya nyota za polepole, kana kwamba maada hiyo haimo. Muuzaji gani huonyesha doa la kitambaa chake? Yeye aliweka vipimo hivyo mezani, kando ya mkate.

"Kazi ya maisha yako imeungua, bibie!" Uku akacheka.

"Nilisema zote zinayo. Hapo nimekosea, kula. Lakini sheria yako ina upendeleo, bwana mjuaji? Ingekuwa ni sheria, hata galaksi hii ingeitii. Sheria haikosekani popote; kinachoweza kukosekana ni kitu."

Uku akaacha kutafuna. "Kitu chenyewe hujakikamata."

"Bado," Leida akakubali. "Ila kesho mkate utauoka wewe."