Kifuniko cha Kulia

Mume wangu ni fundi wa magari, na gereji nzima inamwita Masikio. Jina hilo hakulipata bure. Ana kipande cha mpira wa maji chenye urefu wa mkono. Ncha moja huitia sikioni, nyingine huipitisha juu ya injini, na palipo na tundu hata la sindano husikia hewa ikipita. Akisema "Kimya!" kila mtu huacha kazi. Mchomeleaji huzima mashine, fundi rangi huzima redio, nami ninayeshona viti vya magari pale pembeni huondoa mguu kwenye cherehani. Hakuna aliyewahi kununa. Ndiyo heshima yake.

Tangu mwaka jana hasikii vizuri, na nilidhani najua mimi tu. Nyumbani napiga kelele mpaka majirani wanadhani tunagombana. Kule gereji mimi hujisogeza karibu na mteja nikayarudia maneno yake kama mjinga: "Ahaa, kwa hiyo breki zinalia?" Hospitali hataki. Nimesema mpaka nimechoka, lakini sikio la kufa halisikii dawa. "Wakijua," huniambia, "nani ataleta gari kwa Masikio asiyesikia?"

Basi mwalimu mmoja mstaafu akaleta gari lake la zamani, lile la aina ambayo taa za mbele zimefichwa nyuma ya vifuniko. Ukiwasha taa, vifuniko huinuka kama kope. Hakuna mota pale. Injini hunyonya hewa kupitia mipira myembamba, na mvuto huo hufanya kazi kwenye vikombe viwili vya bati, kimoja kila upande, vinavyoinua vifuniko. Cha kushoto kilipanda vizuri. Cha kulia kilifika nusu, kikasinzia.

Mume wangu akaweka mpira sikioni, akatikisa kichwa kama daktari. "Kikombe cha kulia. Utando wa ndani umepasuka."

Hakusikia lolote, alibahatisha. Angeunyonya mpira wa kile kikombe kwa mdomo, ulimi ungenata, angejua kuwa kikombe ni kizima. Hata anayejifunza kazi leo anajua hilo. Lakini Masikio anyonye mpira mbele za watu, kama fundi asiye na jina? Kiburi kikamzuia. Akahangaika siku mbili kutafuta kikombe kingine, akakifunga, mwalimu akaondoka. Jumatatu akarudi, kifuniko nusu vilevile.

"Fundi, mimi nakuheshimu," mwalimu akasema taratibu, "lakini safari hii lisipopona nitajaribu kwa mwingine."

"Mwalimu anasema lisipopona atajaribu kwa mwingine," nikarudia, nikijifanya nimeshtuka.

Mume wangu akafungua boneti, akawasha injini na taa. "Kimya!"

Mashine ikazimwa, redio ikazimwa. Injini ilinguruma polepole. Ndipo nikasikia, nikiwa kwenye kiti changu hatua tano kutoka pale: mlio mwembamba, ssss, unatoka upande wa betri. Mchomeleaji aliusikia, maana aliinua kichwa. Fundi rangi aliusikia. Mwalimu, na umri wake wote ule, aliusikia. Akanyoosha kidole, kisha akakirudisha mfukoni. Mume wangu alikuwa ameinama palepale, mpira sikioni, ncha yake juu ya mlio wenyewe. Akaupita.

"Hapa pazima," akasema.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Mchomeleaji akaangalia viatu vyake. Nilimwonea huruma mume wangu mpaka nikamkasirikia.

Akainua uso, akatuona. Mtu anayeishi kwa kusoma midomo husoma na nyuso.

"Mnasikia?"

Fundi rangi akajifanya anatafuta brashi.

"Mchomeleaji, nakuuliza wewe."

"Tunasikia, kaka," mchomeleaji akajibu, akatikisa na kichwa ili aelewe. Nikajua kwamba naye alijua siku nyingi.

Mimi nilishaandaa uongo, kwamba ana mafua, masikio yameziba tangu asubuhi. Ulikuwa kwenye ncha ya ulimi. Hakuningoja. Alitoa mpira sikioni, akaupangusa kwa shati, akaja nao hadi kwenye cherehani.

"Sikiliza wewe, mama," akasema. "Mikono bado ninayo."

Nikainama naye juu ya injini, mpira ukiwa na joto la sikio lake. Mipira mingine ilinyamaza. Ule unaokwenda kwenye kikombe cha kulia, unaopita nyuma ya betri, unaposuguana na bati, ulilia kama birika linalochemka. Nikapiga kelele, kwa sauti yetu ya nyumbani, mbele ya mwalimu na gereji nzima:

"Nyuma ya betri! Chini! Chini kidogo! Hapo!"

Kidole chake kikaziba tundu. Mbele ya gari kifuniko cha kulia kikapanda mpaka juu, na mwalimu akapiga makofi. Mume wangu hakugeuka kutazama. Alinitazama mdomo, akisubiri nimwambie kama mlio umekoma.