Mdogo Wangu Hafumbi Macho

Kwenye mikono ya mdogo wangu, jina langu ni zipu ya begi. Anaburuta vidole viwili hewani kutoka kushoto kwenda kulia, na kila mtu nyumbani anajua ni mimi ninayesemwa. Nimeuza mitumba Tanga, nimepika kwenye kambi za watalii, nimekaa Mbeya miaka mitatu na Kahama mmoja. Kila nikirudi Kibosho nalikuta jina hilo linanisubiri mlangoni, nacheka, kwa sababu sina la kubisha.

Yeye hakuondoka. Alizaliwa akisikia, homa ikamchukua masikio akiwa na miaka minne. Akapelekwa shule ya viziwi miaka michache, akarudi na lugha ya alama ambayo tuliichanganya na ile tuliyokuwa tumejitungia jikoni. Sasa anakaribia arobaini. Anamtunza mama yetu, anatunza migomba na kahawa iliyobaki kwenye kihamba, shamba letu la ukoo, na anatunza ng'ombe mmoja wa maziwa.

Mwaka jana ng'ombe huyo alizaa vibaya. Ilikuwa mchana. Mama alikuwa kwenye kikao cha kanisa, na mdogo wangu, aliyekuwa amekata majani tangu alfajiri, alijilaza kidogo baada ya kula. Ndama akakwama. Ng'ombe alilia mpaka majirani wa ng'ambo ya korongo wakamsikia, wakasema si yupo mwenyewe pale. Na kweli alikuwepo, hatua ishirini kutoka bandani, amelala. Alipoamka ndama alikuwa ameshakufa, nusu ndani nusu nje.

Tangu siku hiyo aliacha kulala. Siyo kwamba usingizi haukuja. Ulikuja akaukataa. Alikaa kitini ameegemea ukuta, kichwa kikidondoka anakinyanyua, anatoka kwenda bandani kutazama, anarudi kitini.

Niliporudi mwaka huu nilimkuta amekonda, macho mekundu, na ng'ombe ana mimba nyingine, amebakiza kama mwezi. Siku mbili kabla sijafika, mdogo wangu alikuwa ameanguka mteremkoni na mzigo wa majani kichwani. Kaka yetu aliyeko Arusha akaandika kwenye kundi la familia: "Huyo ng'ombe auzwe kabla hajazaa. Tusije tukazika mtu." Mdogo wangu alisoma, akaifunika simu kwa sufuria, akaenda kukamua.

Mimi nilikuwa nimepanga kukaa wiki mbili, kisha nipande basi la Tanga. Nasema ukweli wangu hapa: nilitaka alale ili niweze kuondoka bila kugeuka nyuma.

Mwanamke mmoja niliyewahi kuuza naye nguo soko la Memorial aliniambia kuhusu mshauri aliyeko Njoro, chini mjini, muuguzi mstaafu, ambaye anawatuliza watu kwa maneno mpaka akili inakaa katikati, si usingizini, si macho. Hipnosisi, alisema. Yeye ilimtoa hofu ya kupanda gari baada ya ajali. Nikamweleza mama.

"Si ndio wale wa stendi?" mama akauliza. "Wanakushika bega, unawavulia viatu na simu unawapa."

"Huyu amesomea, mama."

"Na wa stendi unafikiri hawajasomea?" Akaendelea kumenya ndizi. "Haya, tuseme amesomea. Atampumbaza vipi mtu asiyemsikia?"

 Mimi na mdogo wangu tuliteremka Njoro hivyo hivyo.

Mshauri alikuwa na chumba kimoja nyuma ya fundi cherehani, sakafu ya saruji, kiti chake na benchi refu la mbao. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, karibuni mama zangu. Nilimweleza kila kitu. Alisema wazi kwamba hajawahi kumfanyia kiziwi, ila haoni kwa nini isiwezekane, maana anayefanya kazi hasa ni yule anayetulizwa, yeye mshauri anamwonyesha njia tu. Kisha akafunga dirisha, akafunga mlango, akamwomba fundi asimamishe cherehani kidogo.

Mdogo wangu alifuata kila hatua kwa macho, halafu akanigeukia. "Anamfungia nani dirisha?"

Nilipotafsiri, yule mzee alicheka kwanza, kisha akaona haya. Akalifungua.

Tukaanza. Alizungumza kwa sauti nzito, polepole, sauti nzuri kweli, na mimi niliyekaa benchi moja na mdogo wangu nikaigeuza kuwa alama. Pumua. Mabega yawe mazito. Sasa fumba macho.

Hakufumba. "Nikifumba," alisema, "mtaniambia nini tena, na mtapitia wapi?"

 Naona hapo ndipo mshauri alipoelewa ni nini hasa alichokuwa anamwomba. Mtu anayesikia akifumba macho bado yupo kwenye mazungumzo. Mdogo wangu akifumba macho ametoka chumbani, ametuacha na mambo yake tuyaamue wenyewe. Na mara ya mwisho alipotoka hivyo, ndama alikufa.

"Basi asifumbe," mshauri akasema. "Aangalie mikono yako tu. Ila na wewe mama, punguza kasi."

"Kweli," mdogo wangu akadakia nilipomtafsiria. "Unaongea kama unafukuza kuku."

Nikapunguza. Hakuna kitu kilichowahi kunichosha kama kile, kusema neno "zito" kwa mikono huku nikiifanya mikono yenyewe iwe mizito. Lakini niliona uso wake unaanza kulegea, shavu, kisha mdomo. Kope zikawa zinashuka zenyewe. Mshauri aliniashiria niendelee. Mara mdogo wangu akashtuka, akakaza mwili, akaangalia mlangoni, chini, kisha kwangu.

"Nani anakimbia humu ndani?"

Ulikuwa mguu wangu. Nina mguu unaotikisika. Nikikaa dakika tano mahali pamoja, kisigino kinaanza kupiga chini, nami mwenyewe sina habari. Mtikisiko wake ulipita kwenye benchi ukamfikia mgongoni.

Siku ile iliishia hapo. Tulipanda kurudi, na pale barabara inapoharibika, gari likiruka kwenye mawe, aliniwekea kiganja gotini akakibonyeza. Sikujua kama ananishika yeye asianguke au ananizuia mimi.

Jioni nilisimama mlangoni mwa banda nikimwangalia akikamua. Paji la uso lilikuwa limeegemea ubavu wa ng'ombe, mikono inapokezana, kulia, kushoto, na macho yake yalikuwa yamefumbwa. Sijui kwa nini sikuwahi kuliona hilo. Nilingoja amalize ndoo.

"Hapo unakuwa wapi?" nikamwuliza.

"Hapa hapa. Akisogea najua. Akipumua vibaya najua." Akafikiri. "Mwambie yule mzee anipe kitu kama ng'ombe."

Mara ya pili, basi, alipanga mdogo wangu. Kila neno lisemwe kabla, macho yakiwa wazi, aelewe, aulize, akubali. Akishafumba, mshauri asiguse kitu. Mimi nimpige begani taratibu kwa mwendo wa kukamua. Kukiwa na lolote, nimpapase mgongo wa mkono mara tatu, atarudi. Na nikae benchi lile lile.

"Si nikae chini?" nikasema. "Mguu huu unaujua."

"Ukikaa chini sitajua kama upo. Kaa hapa. Mguu ukitulia ndio nitajua hujaondoka kichwani."

Alifumba macho. Nikaanza kumpiga begani, kulia, kushoto. Pumzi yake ilirefuka, kichwa kikaelea mbele kidogo kana kwamba kimepata ubavu wa kuegemea. Mshauri akaninong'oneza kwamba ameshazama, nikajiuliza huyu naye ananong'ona kwa ajili ya nani. Sikucheka. Nilikuwa nimekandamiza nyayo zote mbili kwenye saruji, paja linawaka, na kila kitu mwilini mwangu kilitaka kusimama, kwenda dirishani, kuangalia basi la Tanga limepita au bado. Nilibaki. Nilipompapasa mkono mara tatu, alifumbua macho polepole, bila kushtuka, akauliza kama cherehani ya fundi imeharibika, maana mtetemo wake haufiki ukutani.

Tulirudi mara mbili zaidi. Mshauri alimfundisha kujipiga mwenyewe juu ya kifua, chini kidogo ya shingo, kwa mwendo ule ule. Nyumbani alijaribu mchana, baada ya chakula, kwenye kitanda cha chumba chetu cha zamani chenye sakafu ya mbao, mimi nikiwa miguuni pake na nyayo zimetulia juu ya ubao. Siku ya kwanza alilala kidogo sana. Siku ya tano alilala mpaka mama akaja kuchungulia.

"Amempumbaza kweli," mama akasema.

"Amejipumbaza mwenyewe, mama."

Wiki mbili zangu zilikuwa zimepita. Begi lilikuwa chini ya kitanda kile, limefungwa. Mdogo wangu alilijua, lilikuwa linamgusa kisigino kila akivua ndala.

Mchana mmoja amelala, ng'ombe akalia. Mara moja, fupi. Huenda ni njaa, nikasema. Akalia tena, na hii ilikuwa ndefu, ilitoka chini. Mwili wangu ulishaanza kuinuka. Lakini nikiinuka ubao utamwambia nimeondoka, atashtuka kama zamani, na tutaanza upya. Nikaushika mkono wake, nikaupapasa mgongoni mara tatu, polepole, na ng'ombe akilia vile.

Alifumbua macho, akaniangalia. "Unaondoka?"

"Ng'ombe," nikamwambia.

Alikuwa nje kabla sijavaa viatu. Kwato mbili za mbele zilikuwa zimeshatoka, na pua juu yake, kama inavyotakiwa. Alivuta kila ng'ombe alipojisukuma, akapumzika ng'ombe alipopumzika, na mkono mmoja ulikuwa ubavuni pa mama mtu muda wote. Ndama alitoka jike, akatikisa masikio. Mama alisimama mlangoni na kitenge kichwani, akasema kaka yenu aandikiwe sasa hivi.

Jua lilikuwa bado halijaondoka kwenye migomba. Mdogo wangu aliingia ndani kunawa, na nilipomfuata nilimkuta amelala kitandani na gambuti zake miguuni, bila kujipiga kifua, bila kuniuliza nitakaa wapi. Nilikaa pale kwenye ubao dakika chache. Kisigino kikaanza. Nikanyata mpaka nje, nikakaa kwenye gogo karibu na banda, miguu juu ya udongo usiopeleka mtikisiko kwake, na hapo nikauacha mguu utikisike unavyotaka.