Bustani Niliyoizungushia Miiba

Garissa nzima imeshanicheka, msomaji, kwa hiyo nawe ongeza chako.

Mafuriko ya El Nino yalipopungua, tulijitolea kupanda miti ya asili ya ukingo wa Tana katika bustani ya mji: mikwaju, mikuyu na miswaki, ili ndege warudi. Wenzangu walitaka ua wa seng'enge. Mimi nikatunisha kifua: "Seng'enge ya nini? Mimi mtoto wa mfugaji!" Nikazungusha matawi ya miiba kama marehemu baba alivyonifunza.

Jioni ya kuamkia ufunguzi, bibi mmoja wa Kisomali mpita njia akaniuliza pale ni pa nani. "Pa watu wote, ayeyo," nikajibu kwa madaha. "Karibu wakati wowote."

Asubuhi nikamleta Bwana DO, afisa wa tarafa, hotuba mfukoni. Nikavuta tawi lililoziba mlango. Mbuzi wapatao arobaini wakatukodolea macho. Hakukuwa na mche hata mmoja. Bibi akainuka mkekani, akanishika mkono mbele ya wageni.

"Allah akubariki, kijana. Boma yako ni nzuri sana, fisi hakuingia. Lakini majani uliwekea mbuzi ilikuwa kidogo."