Kurasa Nne za Mwandiko Wangu

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuona haya kuacha pengo. Kitabu cha biolojia nilichonunua Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, kilikuwa kimenyofolewa kurasa nne, bila shaka za kufungia njugu, pale pale kilipoanza kueleza kwa nini seli nyeupe za damu hutoka kwenye chanzo kimoja na kuishia na kazi tofauti. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina chuo, najisomea tu mtaani kwetu Shauri Moyo, na kurasa hizo zilininyima raha. Nikazitunga mwenyewe. Niliandika kwamba seli inayotengeneza kingamwili hubaki na jeni za kazi hiyo na kuzitupa nyingine zote. Na ile inayoua seli zilizoambukizwa, vivyo hivyo. Nilinakili mara sita mpaka mistari ikanyooka, nikabandika. Sikumwambia mtu kwamba nilikuwa nakisia.

Mdogo wangu wa kike, wa kidato cha tatu, alichagua mada hiyo kwa mashindano ya sayansi ya shule. Alitaka mno kufika mashindano ya mkoa. Nilimpa kitabu, nikamchorea chati, nikamkataza hata kuigusa asije akaiharibu.

Siku yenyewe nilisimama nyuma ya ukumbi. Jaji, mwalimu mmoja mama wa makamo, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Hizo jeni zinatupwa wapi?"

"Zinatupwa tu, mwalimu. Iko kwenye kitabu."

"Nionyeshe."

Mdogo wangu akamfungulia kitabu kwenye zile kurasa nne. Jaji akapitisha kidole juu ya wino wangu.

"Aliyeandika ana mwandiko mzuri," alisema. "Lakini jeni zote bado zimo. Kuna protini zinazowasha hizi na kuzima zile, na hapo ndipo seli inapokuwa ilivyo."

Mkoani hakufika. Tulipokuwa tukirudi nyumbani alibeba chati mwenyewe.

"Si ungesema tu hujui," aliniambia. "Ningeuliza shuleni, Profesa wa Gikomba."



Kilichonichoma zaidi nilikisoma baadaye: seli za kingamwili, zinapokomaa, hukata kweli vipande vichache vya jeni na kuvitupa. Yaani hata kukosea sikukosea sawasawa. Nilitaka kukimbia nikamwambie, nikajizuia. Ningekuwa najitetea tu.

Siku hizi nisichokijua nasema sikijui. Na mdogo wangu, kabla ya kuamini neno langu lolote la sayansi, humuuliza kwanza mwalimu wake.